Arduino, PlatformIO, MicroPython au CircuitPython: moduli ya mwenzako itafanya kazi wapi?

Rafiki yangu alinitumia faili ya zipu yenye jina "tangi_mwisho_mwisho2". Ndani yake mlikuwa na kodi ya kupima kina cha maji kwenye tangi kwa sensa ya HC-SR04, ile yenye macho mawili ya mviringo, inayotoa mlio usiosikika kisha ikasubiri mwangwi. Kwake ilikuwa imefanya kazi miezi kadhaa bila kusumbua. Kwangu, siku ya kwanza ilikataa kukompaili, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Siku ya pili ilikubali, lakini skrini ikabaki nyeusi. Siku ya tatu ikatangaza kwamba tangi limejaa pomoni, na ndani mlikuwa na maji ya kulowesha kisigino tu.

Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kupima umbali kwa mwangwi ni mistari michache: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, kwenda na kurudi ni maikrosekunde 58 hivi kwa kila sentimita, unagawanya, umemaliza. Kilichoharibika ni safari ya kodi yenyewe, kutoka kompyuta yake hadi yangu na kutoka bodi yake hadi yangu.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza aanze na Arduino au MicroPython, simwambii tena lugha ipi ni nyepesi. Namuuliza moduli, yaani vipande vya kodi vilivyo tayari, atazipata kwa nani, na zake atampa nani. Sisi tunaochezea maikrokontrola, zile kompyuta ndogo za chipu moja, kwa kupenda tu hatuandiki kila kitu wenyewe. Tunaokota maktaba ya huyu, tunaunga na sensa ya yule, tunampa mwingine. Njia utakayochagua ndiyo itakayoamua kazi hiyo iwe raha au karaha. Hapa nitapitisha kifaa kilekile cha tangi, yaani HC-SR04 pamoja na skrini ndogo ya SSD1306 yenye nukta 128 kwa 64, kwenye njia nne.

Kwanza angalia bodi uliyo nayo

Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Unaandika C++ iliyolainishwa kidogo ndani ya programu yake, Arduino IDE, kompaila inaigeuza kuwa lugha ya mashine, inapakiwa kwenye bodi. PlatformIO si lugha nyingine. Ni C++ ileile na mara nyingi maktaba zilezile, ila ina namna yake ya kutunza mradi. MicroPython, ambayo Damien George aliichangishia fedha kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter mwaka 2013, inaweka mfasiri wa Python ndani ya bodi yenyewe, nawe unaipelekea faili za kawaida za maandishi. CircuitPython ni tawi la MicroPython lililoanzishwa na Adafruit, kampuni ya vifaa vya elektroniki, mwaka 2017 kwa ajili ya wanaoanza.

Arduino Uno ya kawaida inabeba chipu ya ATmega328P: biti 8, megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. MicroPython haiingii humo, wala CircuitPython. Raspberry Pi Pico iliyotoka mwaka 2021 ina RAM ya kilobaiti 264, na ESP32 ina 520; huko Python inakaa kwa nafasi. Mwenye Uno peke yake basi ana njia mbili tu za kuchagua, na anaweza kuziruka sehemu za Python bila kupoteza kitu.

| Njia | Moduli hukaa wapi | Nani anakumbuka toleo |
|---|---|---|
| Arduino IDE | folda moja ya kompyuta, kwa miradi yote | wewe, kichwani |
| PlatformIO | ndani ya kila mradi | faili ya platformio.ini |
| MicroPython | ndani ya bodi | wewe, au package.json |
| CircuitPython | folda ya lib ndani ya bodi | circup, ukiitumia |

Kupokea: Arduino ina kila kitu, mpaka vitu viwili vigombane

Kwa wingi wa moduli zilizokwisha kuandikwa, Arduino haina mshindani kati ya hizi nne. Ukinunua sensa yoyote ya bei ndogo, kuna mtu alishaiandikia maktaba, na huenda wapo watatu. Unafungua kidirisha cha maktaba, unatafuta jina, unabonyeza, na IDE inakuuliza kama uweke pia maktaba nyingine zinazotegemewa na hiyo. Zip ya rafiki yangu haikuwa na taarifa hizo. Alinitumia faili ya .ino, yaani kodi kuu ya Arduino, peke yake, bila kusema kwamba inataka Adafruit SSD1306, ambayo nayo inataka Adafruit GFX na BusIO. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Tatizo la wingi ni majina. Kuna maktaba kadhaa za skrini za LCD zinazotumia faili yenye jina LiquidCrystal_I2C.h, na haziandikwi sawasawa: moja inataka `init()`, nyingine `begin()`. IDE huchagua moja na kukuandikia kwamba imekuta zaidi ya moja, ipi imetumika na ipi imeachwa. Ujumbe huo huja katikati ya maandishi mengi mekundu na wengi hawausomi. Ukiomba msaada, wa kwanza kukujibu atakuambia "kwangu inafanya kazi", na anasema kweli, kwa sababu ana maktaba nyingine yenye jina hilohilo.

Halafu kuna folda moja kwa wote. Maktaba uliyosasisha leo kwa ajili ya mradi mpya ndiyo itakayotumika kesho utakapofungua mradi wa mwaka juzi. Nimewahi kuharibu taa iliyokuwa ikiwaka vizuri bila kugusa kodi yake hata herufi moja.

Siku ya pili, ile ya skrini nyeusi, ilinifundisha jambo ambalo hakuna maelezo ya maktaba niliyoyasoma yaliyoliweka mbele. Rafiki yangu alikuwa na Arduino Mega, yenye RAM ya kilobaiti 8. Alihifadhi vipimo 500 kwenye orodha, kila kimoja baiti 2, jumla baiti 1,000. Kwake hizo ni senti. Kwenye Uno yangu ya baiti 2,048 ni karibu nusu ya kila kitu. Hata hivyo IDE iliniambia nafasi bado ipo. Haikudanganya, ila ilihesabu vinavyojulikana wakati wa kukompaili tu. Maktaba ya Adafruit ya SSD1306 huomba baiti 1,024 za picha ya skrini baadaye, wakati programu inapoanza, ndani ya `begin()`. Ikikosa, `begin()` inarudisha `false`, yaani hapana, na kunyamaza. Kodi ya rafiki yangu haikukagua jibu hilo. Nilipohamia U8g2, ambayo ina hali ya kuchora skrini vipande vipande kwa baiti 128 tu, picha ikatokea.

Kwa hiyo moduli ya Arduino "inafanya kazi kwenye bodi zote" kwa masharti. Majina ya amri ni yaleyale, lakini pini za I2C (waya mbili za kuzungumza na skrini) za Uno ni A4 na A5, za Mega ni 20 na 21, na RAM ni mara nne. Anayekupa kodi akikuambia ni ya Arduino, muulize: Arduino gani?

PlatformIO: kodi ileile, adabu nyingine

Hapa sina mengi ya kusema kwa sababu faida yake inaonekana kwenye mistari michache:

```
[env:uno]
platform = atmelavr
board = uno
framework = arduino
lib_deps =
    adafruit/Adafruit SSD1306@2.5.7
```

Faili hiyo inasafiri pamoja na mradi. Mwenzako akifungua folda na kubonyeza kujenga, zana inapakua maktaba hiyo, toleo hilo, na kuiweka ndani ya mradi huo peke yake. Ukiweka alama ya ^ mbele ya namba, unaruhusu matoleo mapya yasiyovunja mambo. Bila alama unaibana pale ilipo. Nikimtumia mtu kazi ambayo sitaki anipigie simu usiku, naibana. Na kama rafiki yangu angenitumia faili hii moja tu, ningejua bodi yake na maktaba zake kabla ya kugusa waya.

Bei yake ni mwanzo mgumu. Lazima uzoee kihariri kikubwa, kwa kawaida VS Code, na mradi wenye folda nyingi, huku mtu anayetaka tu kuwasha taa anaona kama ameingizwa ofisini. Mtu ambaye hajawahi kuandika `digitalWrite`, amri ya Arduino ya kuwasha na kuzima pini, nisingemwanzishia hapa. Ila akifikisha mradi wa pili au wa tatu, ahamie.

MicroPython: moduli ni faili, basi

Upande wa Python mambo yanageuka. Hakuna kukompaili kwenye kompyuta yako. Unaunganisha bodi kwa kebo, unaandika amri, inajibu hapohapo. Moduli ya mwenzako ni faili ya .py unayoweza kuifungua na kuisoma kama barua. Hii hapa ndiyo moduli nzima ya kupima umbali, ukiiandika upya kwa MicroPython:

```
from machine import time_pulse_us
from time import sleep_us

def umbali_cm(trig, echo):
    trig.value(0)
    sleep_us(5)
    trig.value(1)
    sleep_us(10)
    trig.value(0)
    t = time_pulse_us(echo, 1, 30000)
    if t < 0:
        return None
    return t / 58
```

Unaihifadhi, unaipakia, unaita. Ukiiweka GitHub, tovuti ya kutunzia kodi, mwenzako anaivuta kwa zana ya mip kwa kutaja anwani yake, bila wewe kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuisajili. Bodi yenye Wi-Fi inaweza kujivutia yenyewe. Isiyo nayo, unatumia zana ya mpremote kutoka kwenye kompyuta. Dereva wa SSD1306 upo tayari kwenye maktaba za MicroPython: `mpremote mip install ssd1306`, na umeipata.

Angalia pia kwamba pini hazimo ndani ya moduli. Anayeita ndiye anayezileta. Kodi ya rafiki yangu ilikuwa na namba 22 na 24 zimechomekwa katikati ya hesabu, pini ambazo Uno haina kabisa, ikabidi nizibadilishe. Kosa hilo linawezekana kwenye lugha yoyote, lakini kwenye Python nimeliona mara chache, labda kwa sababu moduli ni ndogo na kila mtu anaiona yote kwa jicho moja.

Ukomo wa njia hii uko kwenye kasi. Sensa ya DHT22 hutofautisha sifuri na moja kwa urefu wa mdundo: maikrosekunde 26 hadi 28 ni sifuri, 70 ni moja. Python inayofasiriwa ndani ya bodi haiwezi kuhesabu hivyo kwa uhakika, ndiyo maana sehemu inayosoma DHT imeandikwa kwa C na kufungwa ndani ya femwea ya MicroPython, ile programu ya msingi inayokaa ndani ya bodi. Wewe unaona `import dht` tu. Siku utakapopata sensa yenye haraka kama hiyo ambayo hakuna aliyeiandikia C, utakwama, au utajifunza kujenga femwea yako mwenyewe, na hapo ule wepesi wote uliokuvutia unakuwa hadithi.

Jambo jingine ni umeme, na halimo kwenye kodi kabisa. HC-SR04 ya kawaida inatumia volti 5, na pini yake ya Echo inarudisha volti 5. Uno inazipokea. Pico na ESP32 ni bodi za volti 3.3. Ukihamisha kifaa kutoka njia ya kwanza kuja hii, weka rezista mbili, ya kiloomu 1 kutoka Echo na ya kiloomu 2 kwenda ardhini, uchukue volti kama 3.3 katikati yake. Moduli itaingia vizuri bila rezista hizo. Pini ndiyo itakayoumia.

CircuitPython: unaburuta, unaachia

Ukichomeka bodi ya CircuitPython, kompyuta inaiona kama diski ya USB yenye jina CIRCUITPY. Kodi yako ni faili ya code.py, moduli zinaburutwa kwenye folda ya lib, na ukihifadhi tu programu inaanza upya yenyewe. Kwa kundi la watu wanaojifunza pamoja, ambapo kila mmoja ana kompyuta ya namna yake, sijaona kitu kinachoikaribia. Adafruit hutoa kifurushi kikubwa cha maktaba zilizoandikwa kwa mtindo mmoja, kwa hiyo ukishajua kutumia moja, ya pili unaikisia.

Wanaolalamika nao wana haki. Maktaba za kifurushi hicho huja zikiwa zimefinywa kuwa faili za .mpy, na .mpy ya toleo kuu moja inaweza kukataliwa na jingine. Ukisasisha femwea, sasisha na folda ya lib. Zana ya circup inakufanyia kazi hiyo. Diski nayo ina mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja: kompyuta ikiwa na haki ya kuandika, kodi yako haina, kwa hiyo mwenye ndoto ya kuhifadhi vipimo vya tangi kwenye faili lazima abadilishe mpangilio kupitia boot.py. Hakuna makatizo ya maunzi kwa mtumiaji, yaani pini haiwezi kuikatiza kodi yako papo hapo. Na ESP32 ile ya asili haina USB yake yenyewe, kwa hiyo diski haitokei. Tafuta ESP32-S2, ESP32-S3 au Pico.

Tangi lililojaa hewa

Nirudi kwenye siku ya tatu, kwa sababu hapa ndipo njia hizi zinapotofautiana kwa namna ambayo orodha za sifa hazisemi.

Waya wa Echo ulikuwa umelegea. Kodi ilitumia `pulseIn()`, amri ya Arduino ya kupima urefu wa mdundo. Mdundo usipotokea, `pulseIn()` inasubiri sekunde nzima, kisha inarudisha sifuri. Sifuri kugawa kwa 58 ni sifuri. Umbali wa sentimita sifuri kutoka kwenye sensa iliyo juu ya tangi maana yake maji yameifikia sensa. Limejaa. Kama ningekuwa nimeunganisha pampu, isingewaka, na nisingejua ni kwa nini.

MicroPython kwenye hali hiyohiyo inarudisha namba hasi. Ukisahau kuikagua utapata umbali chini ya sifuri, jibu la kipuuzi, lakini angalau upuuzi wake unaonekana. Maktaba ya adafruit_hcsr04 ya CircuitPython haileti namba yoyote: inarusha kosa kwamba muda umekwisha, na usipolishika, programu inasimama na kukuonyesha mstari. Mwanzoni tabia hiyo iliniudhi. Baada ya tangi nikaiona kuwa ndiyo heshima ambayo mwandishi wa moduli anaweza kumpa mtu asiyemjua.

Mwaka mmoja baadaye

Mradi uliofunguliwa tena baada ya mwaka ndio mtihani wenyewe. Toleo la 3.0 la msingi wa ESP32 kwa Arduino (kifurushi kinachowezesha Arduino kuandikia ESP32), lililotoka mwaka 2024, liliondoa `ledcSetup` na `ledcAttachPin` na kuleta `ledcAttach` mahali pake. Moduli nyingi za kufifisha taa na kuendesha mota zilikoma kukompaili siku hiyo, na waandishi wake wengine walikuwa wameshahamia mambo mengine. Aliyebana matoleo yote, ya maktaba na ya msingi wa bodi, hakuhisi kitu. Kwenye Python hatari hiyo ni ndogo kidogo kwa sababu ya ajabu: femwea na moduli vyote vimo ndani ya bodi. Usipoigusa, haibadiliki. Ila hakikisha nakala ya faili unayo pia kwenye kompyuta, kwa maana bodi ikiungua inaondoka na kila kitu.

Na leseni. Kodi isiyo na leseni haiwi ya wote kwa kuwa tu imewekwa hadharani; haki zote bado ni za mwandishi, na mwenzako mwangalifu hataigusa. Kwa moduli ndogo za aina hii mimi huweka MIT, ambayo ndiyo MicroPython yenyewe inatumia. Ukikopa kutoka kwenye kazi ya GPL, soma kwanza, kwa sababu inakutaka utoe yako kwa masharti hayohayo.

Basi uchague ipi

Una Uno, au unataka kufikia sensa yoyote iliyowahi kutengenezwa: Arduino, na mradi wa pili uwe PlatformIO. Una Pico au ESP32 na unapenda kuandika vitu vidogo na kuvigawa: MicroPython, ambayo ndiyo niliyoizoea zaidi mwenyewe. Unafundisha kundi, au unajua moduli zako zitatumiwa na watu wasiopenda kusoma maelezo: CircuitPython. Kifaa kinachotumia betri ndogo miezi na miezi, au chenye kazi ya maikrosekunde, kirudishe kwa C++ bila kusitasita.

Kodi ya tangi imebaki C++ ya Arduino, kwa kuwa Mega ya rafiki yangu haibebi Python. Niliihamishia PlatformIO, nikatoa namba za pini katikati ya hesabu, nikaweka kikomo cha maikrosekunde 30,000 kwenye `pulseIn()`, na sifuri ikirudi moduli inatoa HAINA_MWANGWI badala ya umbali. Nikamrudishia. Baada ya siku mbili akaandika: "Kaka, imekubali mara ya kwanza. Ila hiyo HAINA_MWANGWI ninaifanyia nini?"

Nikamwandikia mfano wa mistari kumi na kuuweka kwenye folda ya examples, ambamo hapo awali sikuwa nimeweka kitu.